Mafundo Matatu ya Uzi

Fundi wa umeme wa magari tunayemwita Taa hatofautishi waya mwekundu na wa kijani. Amezaliwa hivyo. Alinieleza mwenyewe siku nilipompelekea pikapu yangu, nami nusura nigeuze niondoke.

Mafundi walikuwa wamenichosha. Mume wangu alipohamia kwa mwanamke mwingine alichukua gari lililo zima, mimi akaniachia hili ambalo yeye na kaka yake walilibadilisha injini kienyeji. Nikipunguza mwendo tu, linazima. Nami napeleka mikate hospitali kila asubuhi, na mtu wa stoo alishanionya: nikichelewa tena, kazi anapewa mume wangu, ambaye naye anaitaka. Mafundi watatu walisema kasoro ni mguu wangu.

Taa aliniuliza, "Mama, linazima likiwa limesimama au likitembea?"

"Likitembea. Nikiachia mafuta tu."

"Umeshanifanyia nusu ya kazi."

Akanieleza kuwa injini ile ina kompyuta, lakini walioipachika hawakuiunganishia sensa ya spidi. Kompyuta inadhani gari limeegeshwa, kwa hiyo nikiachia mafuta haiipi injini hewa ya kutosha.

Alifunga sensa yenye nyaya tatu kwenye giaboksi. Mimi nilitaja rangi, yeye akafunga uzi kwenye kila waya: fundo moja waya wa umeme, mawili waya unaorudi kwenye bodi ya gari, matatu waya wa kupeleka habari kwa kompyuta. Sijui kusoma, lakini mafundo nayajua.

Kisha akainua gurudumu la nyuma kwa jeki, akanipa kitaa chake kidogo cha kupimia umeme nikishike kwenye waya wa mafundo matatu, akazungusha gurudumu kwa mkono. Kitaa hakikuwaka. Nikaupangusa ule waya kwa kanga, nikaona rangi nyingine kabisa. Nilikuwa nimemtajia vibaya.

Nilisubiri matusi. Nimeolewa miaka kumi na tisa, najua yanavyokuja.

"Kosa langu," alisema. "Waya mchafu ningeupangusa kwanza ndipo nikuulize." Akafungua mafundo yote, akaanza upya, bila kununa.

Mara ya pili akazungusha tena. "Kinakonyeza?"

"Kinakonyeza."

"Basi kompyuta itasikia."

Asubuhi yake nilifika kwenye matuta ya lango la hospitali. Mume wangu alikuwa ameegesha pembeni, mlango wa gari lake wazi, akisubiri nikwame kama kawaida. Nikaachia mafuta. Injini ikashuka, ikatikisika kidogo, ikaendelea kunguruma. Nikapanda tuta la kwanza, la pili, la tatu.

Mtu wa stoo akahesabu kreti zangu. Nilipotoka, lile gari halikuwepo tena langoni.

Nilipita kwa Taa nikamwachia mkate mmoja wa moto. Alikuwa chini ya gari la mtu, akiomba atajiwe rangi.