Herufi za Menyu kwenye Kijitabu cha Ibada

Mwenzetu mmoja, mlinzi tuliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Al Quoz, huku Uarabuni, alifariki ghafla akiwa kazini. Mwili ulikuwa usafirishwe Kenya wiki hiyo hiyo, na kanisa letu likapanga ibada ya kumuaga. Kwa kuwa kazi yangu ni kusanifu mabango katika karakana ya uchapaji, kijitabu cha ibada kiliangukia mikononi mwangu.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa dada yake, mfanyakazi wa nyumbani katika mji wa Hatta. Alinitumia maneno yake kwa simu, sentensi fupi fupi, kama mtu anayeongea na ndugu aliye chumba cha pili. Nikayapanga kwa herufi zilezile za kurasa nyingine, zilizonyooka na kukauka. Yakasomeka kama notisi ya kukatiwa maji. Ndipo nikajaribu zile tunazotumia kwenye menyu za mikahawa na kadi za watoto: za mviringo, zimelala kidogo, kana kwamba mtu ameandika kwa kalamu nene bila haraka. Hapo nikamsikia dada mwenyewe.

Nikachapa nakala zote. Arbab, bosi wetu mwenye karakana, aliyeniruhusu kutumia mashine, akachukua moja akaitazama.

"Hizi si herufi za duka la juisi?"

"Ndizo, sir. Lakini..."

"Inshallah wataelewa," akasema, akanirudishia.

Tangu hapo sikutulia. Ndani ya basi la kwenda kanisani niliufungua ukurasa ule tena na tena. Sasa niliona kila *a* ilifanana kabisa na nyingine, tumbo lilelile, mkia uleule. Mkono wa mtu hauandiki hivyo. Nikawaza, dada ataona nimeufanyia mzaha msiba wake. Au ataona nimejifanya yeye. Na muda wa kuchapa upya haukuwepo.

Dada aliletwa na madam wake, ambaye alibaki garini. Niliketi nyuma yake nikimwona akifungua kurasa. Alipofika ule wa mwisho aliinamisha kichwa, akakaa hivyo wimbo mzima.

Ibada ilipokwisha akanijia.

"Ni wewe umetengeneza hiki?"

"Ni mimi, dada. Unisamehe kwa zile herufi. Nilidhani..."

"Mwandiko wangu si mzuri hivi," akasema. "Kaka alikuwa akinicheka. Una kalamu?"

Nikampa. Akaweka kijitabu gotini, na chini ya maneno yale akaandika jina la utani alilomwita kaka yake utotoni. Herufi zilipanda na kushuka, na moja ikatoboa karatasi. Akamkabidhi mchungaji, akimwomba nakala ile isafiri na mwili.

Honi ya gari la madam ikalia nje. Akanishika mkono kidogo, akaondoka. Kama zile herufi zilimfariji au zilimuumiza, hakuniambia, nami sikuthubutu kumpigia simu kumuuliza.