Maganda ya Mayai Nyuma ya Jiko

Mwezi wangu wa pili ukweni, huko Mwimbi, nilikuwa tayari mwizi wa mayai. Hakuna aliyenitamkia. Mama mkwe alikuwa akitoka tu kuchungulia kiota cha mtetea wake, anaguna, kisha ananitazama mdomoni.

"Nyie watoto wa Sumbawanga mjini mmezoea chipsi mayai, eti?" aliniuliza siku moja kwa upole wa kuudhi. Jamani! Na maganda yalikuwa yanaokotwa nyuma ya jiko, palepale kwenye jiwe ninalokalia nikikata mboga. Nani angenitetea?

Nilikasirika mpaka chakula hakipiti. Asubuhi moja wenzangu walipokwenda kuvuna ulezi, nikasingizia kichwa, nikajibanza nyuma ya kihenge. Haukupita muda wakaja nguchiro, kundi zima, kutoka kwenye kile kichuguu cha mpakani mwa shamba, wanapiga soga kama akina mama wa bombani. Mmoja akaviringisha yai mpaka kwenye jiwe langu. Akaligeuzia jiwe mgongo, akainama, akalirusha yai kwa nyuma, katikati ya miguu yake. Paa! Wakalamba, wakabweka kidogo, wakaenda zao.

Mama mkwe aliporudi nikamweleza huku nahema.

"Mnyama anarusha yai kwa nyuma," alirudia taratibu. "Nilijua una tamaa tu. Kumbe na uongo?"

Machozi yakanitoka. Mwizi sawa, lakini mwongo! Nikachomoa yai la mwisho kiotani, nikaligeuzia jiwe mgongo, mkono mmoja umeshika kitenge, nikainama mpaka kichwa kikafika magotini.

"Anafanya hivi!" Nikarusha.

Yai likalikosa jiwe, likapasukia kwenye buti la mtu. La baba mkwe. Nilimwona kichwa chini miguu juu, maana nilikuwa bado nimeinama, na kiungo nilichomwelekezea sikitaji. Ukweni! Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe akashika mdomo.

Mzee akageukia ukuta upesi, akakohoa.

"Mama," alimwambia mkewe, "mwambie binti nguchiro hutumia mikono miwili. Tangu nachunga ng'ombe nawaona, hawakosi jiwe hata siku moja."

Mama mkwe akayatazama maganda pale kwenye jiwe.

"Nisamehe, mwanangu," mama mkwe akasema. "Ila inuka basi."