Upasuaji Ambao Kiritiri Hawakuuamini

Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya misheni, mwendo mfupi kutoka Nkubu, kwa miaka mingi kabla daktari mmoja mpasuaji hajaletwa kwetu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa upande wa Embu, mpole wa sauti. Alikuja na masanduku mazito ya vyombo, na siku ya kwanza, tukiwa tunakunywa chai, akatueleza kilichomleta.

Alitaka kujua kama upasuaji wa matundu, ule wa kuingiza kamera tumboni bila kupasua tumbo lote, ungeweza kufanywa salama katika hospitali ya mashambani kama yetu, yenye watu wachache na stima ya kupoteapotea. Alitaka pia kujua kama wagonjwa wetu, ambao karibu wote ni wakulima na wachuuzi, wangerudi kwenye shughuli zao mapema kuliko wale tunaowapasua kwa njia ya kawaida. Huo ndio ulikuwa utafiti wake.

“Nahitaji mtu wa kunishikia kamera,” akasema. “Mtu mwenye mkono uliotulia.”

Wenzangu wote walinigeukia. Nadhani ni kwa sababu walizoea kuniona nikifuma sweta wakati wa mapumziko, hata kukiwa na kelele namna gani. Nikasema nitajaribu.

Tulijifunzia kwenye sanduku la mbao alilotutengenezea seremala wa hospitali. Kifuniko chake kilitobolewa matundu, na ndani tukaweka maharagwe ya kuokota kwa koleo ndefu, huku tukitazama televisheni badala ya mikono yetu. Mwanzoni ilinitia kizunguzungu. Ncha ya koleo ilikwenda kinyume na mkono: nikivuta huku, inakwenda kule. Kwa wiki nzima niliyamwaga maharagwe kama mtoto anayejifunza kula mwenyewe.

Baadaye daktari akanituma kwa muuza nyama wa sokoni, nikanunue maini ya mbuzi ambayo bado yamebeba nyongo.

“Sista, nyongo ya nini?” muuza nyama akaniuliza. “Hiyo sisi hutupa.”

“Tunajifunza kuitoa bila kuipasua.”

Alitikisa kichwa, lakini tangu siku hiyo akawa ananiwekea. Tuliyatia maini yale ndani ya sanduku na kumenya nyongo polepole. Ikipasuka, maji ya kijani yalifunika kila kitu, na kioo hakikuonyesha tena chochote.

“Wewe ndiwe macho yangu,” daktari aliniambia. “Ukitazama kando, mimi nimekuwa kipofu.”

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kiritiri, mfanyabiashara wa mbuzi. Kila akila nyama ya mafuta alishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, mpaka anajikunja. Alipopigwa picha ya tumbo, mfuko wa nyongo ulionekana umejaa vijiwe. Daktari akakaa naye na kumweleza habari zote za utafiti. Mama akasikiliza hadi mwisho.

“Kwa hivyo mnanijaribia,” akasema.

“Upasuaji wenyewe si wa kujaribu, nimeufanya miaka mingi huko mjini,” daktari akamjibu. “Tunachochunguza ni kama utafaa hapa kwetu, na wewe utaendeleaje ukifika nyumbani. Ukikataa, tutakupasua kwa njia tuliyozoea, na hakuna atakayekukasirikia.”

“Na kamera ikikataa kuona?”

“Nitafungua tumbo kama kawaida. Nakwambia mapema, ili ukiamka na kidonda kikubwa usiseme nilikudanganya.”

Mama akafikiri kidogo. “Mimi sinunui mbuzi kabla sijamfungua mdomo nione meno. Nionyesheni hiyo kamera.”

Tulimpeleka. Daktari akamulika kiganja cha mama, na mistari yake ikatokea kwenye televisheni minene kama mifereji ya shamba. Mama aliutazama mkono wake muda mrefu, akiugeuza huku na huku. Kisha akacheka kidogo na kusema tumfanyie hiyo ya kamera.

Siku yenyewe nilinawa, nikavaa glavu, nikaishika kamera. Tumbo la mama lilijazwa hewa likainuka kama hema, nami nikaiingiza kamera kupitia tundu la kitovuni. Nilikuwa nimeyaona matumbo mengi ya watu, ila daima yakiwa wazi, yenye damu na mikono ya watu ndani yake. Sasa niliona ini limelala, laini, rangi ya udongo mwekundu wa Meru baada ya mvua, na kila kitu kimekaa mahali pake. Nilipaona pazuri, ingawa sikumwambia mtu.

Lenzi ikapata ukungu. Nikaitoa, nikaichovya kwenye maji moto tuliyoyatayarisha, nikairudisha. Tulipofika pale daktari anapofunga mshipa wa nyongo, stima ikapotea.

“Hakuna anayesogea,” daktari akasema, kwa sauti ileile ya kuomba chai.

Tukasimama gizani, kila mtu na chombo chake, tukimsikiliza mwenzetu wa dawa ya usingizi akimpa mgonjwa pumzi kwa mkono. Jenereta ikanguruma nje. Picha iliporudi, kioo kilituonyesha palepale tulipokuwa. Daktari alinitazama juu ya barakoa yake, akaendelea na kazi. Nyongo ilitoka nzima kupitia kitovuni. Vijiwe tulivitia kwenye kichupa, tukampa mwenyewe alipozinduka.

Kesho yake alikuwa akitembea wodini, na haukupita muda akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Kazi yangu katika utafiti ilikuwa pia kuwatembelea wagonjwa makwao na kuwauliza maswali. Ila kabla zamu yake haijafika, yule mama wa Kiritiri akanipigia simu kutoka dukani.

“Sista, njoo,” akasema. “Hapa kwangu hawaamini.”

Nilimkuta uani akipepeta ndengu. Mama mkwe wake alikuwa ameketi barazani, mikono mapajani. Alikuwa ametoka kwake Gachoka na godoro lake, tayari kumuuguza mkazamwana hadi mwezi uishe, na akina mama wa kanisa walikuwa wamepangana zamu za kuni na maji. Halafu mgonjwa akashuka barabarani akitembea kwa miguu yake, amebeba mfuko wake mwenyewe.

“Mimi nilipasuliwa zamani,” mama mkwe akaniambia tulipokwisha kusalimiana. “Nililala mpaka kuku wakataga na kuangua. Huyu amerudi na vikovu kama vya kuchomwa na miiba. Halafu analalamika bega. Sista, tumbo lipasuliwe, bega ndilo liume?”

“Si nilikuonyesha mawe?” mkazamwana akasema.

“Mawe yamejaa Mbeere nzima. Hata mimi naweza kuyatia kwenye chupa.”

Nilielewa kwamba hakuwa mkorofi. Alikuwa amejiandaa kuhudumia mtu, na sasa alijiona kama aliyeitwa kwenye matanga ambayo hayapo. Wenzake wa kanisani walikuwa wameanza kumuuliza maswali.

Nikaanza na bega. “Mama, jino la nyuma likiuma, sikio huwaje?”

“Huuma pia.”

“Na sikio halina ugonjwa?”

“Halina.”

“Basi ndivyo. Tulimjaza hewa tumboni ili tupate nafasi ya kuona. Iliyobaki hupanda chini ya mbavu ikasumbua mshipa wa fahamu unaokwenda mpaka begani. Bega ni zima. Maumivu yataisha yenyewe.”

Alipapasa shavu lake, bila shaka akikumbuka jino fulani.

Mchana huo shemeji ya mgonjwa alichinja mbuzi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alisema hajapata bado nafasi ya kushukuru. Tumbo la mbuzi lilipofunguliwa nikamwita mama mkwe. Nikamwonyesha ini, nikamwonyesha nyongo ilivyojibana chini yake, na kijimshipa kinachoishikilia. Kwa kijiti nikamwonyesha kamera ilipoingia, koleo zilipoingia, na mahali daktari alipokata. Aliinama karibu sana. Ndiye aliyekuwa akipika kila mbuzi wa sherehe katika ukoo ule, na nyongo aliijua kuliko wengi, ila hakuwa amefikiri kwamba binadamu anayo mahali palepale.

“Na sasa ataishije bila nyongo?” akauliza.

“Maji ya nyongo hutengenezwa na ini. Yatashuka moja kwa moja. Apunguze mafuta kwa sasa.”

“Kumbe alikatwa kweli.”

“Alikatwa kweli. Ndani kuna kidonda kama chako cha zamani, ila mlango wa kuingilia ndio mdogo.”

Aliinuka, akapangusa mikono kwenye leso. “Basi kazi yangu imeisha. Kesho nitarudi Gachoka.”

Mkazamwana akaweka ungo chini. “Mama, usiende.”

“Nikae nikifanya nini? Wewe ni mzima.”

Wote wawili wakanitazama. Nikasema ukweli, ambao kwa bahati ulimfaa kila mtu: kwa wiki kadhaa mgonjwa hakupaswa kuinua kitu kizito, na mtungi wa maji ulikuwa wa kwanza miongoni mwa vilivyokatazwa.

“Mtungi aliubeba jana,” mama mkwe akasema polepole. “Nilimwacha kwa sababu nilidhani anaigiza.”

Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mtungi mtupu mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, akapita mbele yetu akielekea bombani bila kuaga. Mkazamwana aliinamia ndengu zake, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

Niliporudi nilimweleza daktari yote. Alisikiliza, akasema kwamba tulikuwa tukiwauliza wagonjwa siku waliyorudi kazini, lakini hatujawahi kuuliza watu wa nyumbani walielewa nini. Tangu hapo hakuna mgonjwa aliyetoka wodini kabla ya mtu wake mmoja kuitwa, akakalishwa na kuonyeshwa vikovu na kuelezwa habari ya bega. Mara nyingi mwelezaji nilikuwa mimi, na kazi hiyo niliipenda kama nilivyoipenda kamera.

Utafiti ulikwisha vizuri. Wengi walipona upesi, wachache tulilazimika kuwafungua kama kawaida, na daktari aliyasema yote mawili bila kuficha aliposimama mbele ya madaktari wenzake huko Embu. Nilikuwa ukumbini siku hiyo, nimeketi safu ya nyuma na wauguzi wengine. Alipomaliza, mzee mmoja mpasuaji aliuliza ni nani aliyeshika kamera. Daktari akaninyooshea mkono, nami nikasimama, nikasalimia, nikaketi. Muuguzi aliyekaa kando yangu aliniuliza kama ni vigumu kujifunza. Nikamwambia aje Nkubu, maharagwe tunayo.