Nywele Mbili za Nzi wa Mianzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa wavu wa kukamatia wadudu. Nilipewa brosi. Ilikuwa ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Bukavu, katika kituo cha utafiti wa kahawa, nami nilikuwa kijana wa Kinyarwanda aliyezaliwa na kukulia Kongo. Mkuu wa Makusanyo, mzee mfupi aliyevaa tai hata siku za mvua, alinifungulia sanduku la mbawakavu, yaani wale wadudu wenye mgongo mgumu, kila mmoja amekaushwa na kuchomwa pini.

"Mududu wa vumbi hawezi ingia mu sanduku yangu," aliniambia. "Weye unaingiaka mu kanisa na viatu ya matope?"

Tangu siku hiyo nilipangusa. Mkono ulizoea hadi nikawa napangusa bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati.

Baada ya mauaji ya kimbari na vita tulirudi Rwanda, mimi na mke wangu, Mama Furaha, tukafikia Cyangugu, mji unaotazamana na Bukavu. Nilipata kazi ya ufundi katika maabara ndogo pembeni mwa msitu wa Nyungwe. Waliotutangulia pale hawakuwepo tena. Makoti yao meupe yalikuwa bado yananing'inia nyuma ya mlango, na kwa miezi mingi hakuna aliyeyagusa. Mtafiti alikuwa mmoja tu, Mkurugenzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alichunguza nzi.

Vijana huniuliza, nzi ana nini cha kuchunguzwa? Kaa nikueleze. Msituni tulisimamisha hema la chandarua. Nzi akigonga chandarua hupanda juu kutafuta mwanga, na huko juu kuna chupa ya alkoholi inayomngoja. Kisha hukaushwa na kubandikwa kwa gundi kwenye ncha ya karatasi ndogo ya pembetatu, kwa sababu pini ingempasua. Chini ya mikroskopu unahesabu nywele zake. Ndiyo, nywele. Mgongoni mwake, nyuma, kuna kipande kama ngao, na nywele ngumu za pale husimama kwa idadi na mpangilio maalumu. Aina moja ya nzi inaweza kutofautiana na nyingine kwa nywele mbili tu.

Katika vita vya kwanza vya Kongo, hema letu kwenye mianzi lilitupatia dume mmoja mwenye miguu ya manjano. Mmoja tu. Wiki hiyohiyo msitu ulifungwa kwa sababu ya watu wenye silaha, na hema likabaki hukohuko. Nilimkausha nzi, nikambandika, nikampeleka kwa Mkurugenzi. Aliinama kwenye mikroskopu asubuhi nzima. Alipoinuka alikuwa anatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nifike. Katika vitabu vyake vyote, nzi wa kundi hilo walikuwa na nywele nne kwenye ngao. Huyu alikuwa nazo mbili.

Alianza kuandika maelezo ya aina mpya. Ndivyo inavyofanyika: unamwelezea mdudu kiungo kwa kiungo, unampa jina, na yule mmoja uliyemshika anakuwa kielelezo ambacho wengine wote watalinganishwa naye daima. Kazi yangu ilikuwa kuchora. Siku ya Jumatatu gari lingekwenda Kigali, na huko msafiri angeyabeba makala, michoro na nzi mwenyewe hadi kwa bingwa mmoja Ulaya. Gari jingine lingepatikana lini, hakuna aliyejua. Mpaka wa Rusizi I, kwenye daraja la kuingia Kongo, ulikuwa ukifungwa na kufunguliwa bila taarifa, na mizinga ya upande wa pili ilitikisa vioo vya madirisha yetu.

Ijumaa, nikichora, nilisogeza kidogo kioo cha mikroskopu kinachoelekeza mwanga. Nikaona vishimo viwili.

Unywele wa nzi huota kwenye kishimo. Asiyejaliwa unywele hana kishimo. Mahali palipokosekana nywele palikuwa na vishimo viwili, vitupu, vimepangika vizuri. Nikakumbuka kwamba nilipombandika, kabla ya kumpeleka kwa Mkurugenzi, nilimpangusa. Mbawakavu huvumilia brosi. Nzi hang'arishwi. Nilijua, nilishaambiwa, lakini mkono haukuwa umesikia.

Sikusema. Nilikuwa sina diploma, na tuliorudi kutoka Kongo tulikuwa wengi kuliko kazi zilizokuwepo. Jumamosi sikuweza kula. Mama Furaha alisogeza sahani ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, mara ya pili, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia.

"Nzi?" akasema akicheka. "Vita iko hapa mulangoni, na weye unaacha kula juu ya nzi?"

Nikamweleza kwamba jina la Mkurugenzi lingesimama juu ya uongo, na uongo huo niliutengeneza mimi. Hakucheka tena. Akasema, "Basi mwambie mbele gari haijaenda. Kisha gari kuenda, itakuwa mwizi anaomba musamaha."

Jumapili baada ya misa nilimkuta Mkurugenzi maabara, anafunga kifurushi. Nilimweleza nimesimama, kofia mkononi. Alikifungua kifurushi, akamweka nzi chini ya mikroskopu, akasogeza kioo kama nilivyokisogeza mimi.

"Papa Furaha," alisema hatimaye bila kuinua kichwa, "kumbe hatuna nzi mpya. Tuko na nzi wa upara."

Niliomba radhi. Nikasema kama ataniondoa nitaelewa.

"Nikuondoe, nani atachora? Ngoja tufikiri."

Ilibaki njia moja. Kwa nzi, kitambulisho kisichodanganya kiko ndani ya mkia wa dume, kwenye kulabu ndogo anazomshikia jike. Kila aina ina kulabu za umbo lake. Mkurugenzi alikuwa amemwachia bingwa wa Ulaya kazi hiyo, kwa kuwa ni lazima mkia ukatwe na kuchemshwa katika potasi kali hadi nyama iyeyuke. Ukizidisha, kulabu nazo huharibika, na dume wa pili hatukuwa naye.

Akanisukumia sindano.

"Madamu, naogopa kumharibu tena."

"Najua. Lakini macho yangu imezeeka, na mukono ya kwako ndiyo ilikosa. Mukono ile itengeneze."

Umeme ulikuwa umekatika. Tulichemsha potasi juu ya mbabula, jiko letu la makaa, katika kichupa ndani ya sufuria ya maji. Yeye alishika saa. Nilikata mkia, nikauzamisha, tukangoja. Mzinga ulilia ng'ambo, maji yakatikisika, na kipande kile kikapotea. Nilikitafuta kwa ncha ya sindano hadi nikakiona kimeng'ang'ania ukuta wa kichupa. Nikakihamishia kwenye tone la glisirini.

Nilimwachia kiti. Aliangalia, akavuta kitabu, akaangalia tena, akafunua ukurasa mwingine.

"Chora," alisema. "Kulabu iko na meno mbili. Hakuna mwingine mwenye meno mbili. Ni nzi mupya kweli."

Gari liliondoka Jumatatu bila kifurushi chetu. Maelezo yaliandikwa upya yote, na miezi mingi ilipita kabla ya kumpata msafiri mwingine. Nilimwomba Mkurugenzi aandike pia kwamba aliyekosea ni mimi. Alikataa, akasema msomaji anahitaji kujua vishimo, hahitaji kujua mkono wa nani.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza, msiogope mkono wenu kukosea, kwa maana utakosea. Ogopeni zile siku mbili nilizokaa kimya. Msitu ulipofunguliwa tuliwakamata madume wengine, na kila mmoja alikuwa na nywele zake nne. Lakini kielelezo hakibadilishwi. Ni yuleyule wa upara aliyelala sandukuni Ulaya, na kila anayetaka kumjua nzi wetu husoma kwanza sentensi ya Mkurugenzi: "Nywele mbili za ngao ziling'oka wakati wa kusafishwa, vishimo vyake vinaonekana."