Siku Niliyomsimamisha Mzee Komba

Jamani, hii aibu nimekaa nayo karibu mwaka mzima, na ninaisema leo kwa sababu moja tu, mke wangu ameshaanza kuisimulia yeye kwa watu, tena anaongeza chumvi, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe na mnicheke mbele yangu.

Mie ni katibu wa jumuiya yetu ya kanisa hapa Kunduchi Mtongani, na kazini ni karani wa shule, mtu wa barua na mihuri, maneno mazito nayapenda tangu utoto kule Moshi. Kwa miaka saba sala ya kufunga ibada ilikuwa yangu. Hakuna kikao kilichonipa, ila ikifika mwisho wa ibada mwenyekiti anageuza shingo tu, "Katibu, tuombee," na mie nasimama, nakohoa kidogo, naanzia kwenye uumbaji wa mbingu na nchi, nashuka kwa viongozi wa serikali, mvua, wajane, yatima, wafungwa, wasafiri wa nchi kavu, wa majini na wa angani, na nikifika kwenye amina chai imeshapoa na watoto wamelala. Nilikuwa naamini kabisa kwamba huko ndiko kuomba, na kwamba Mungu naye akisikia sauti yangu anasema haya, leo amekuja msomi.

Basi akahamia Mama Anitha. Mjane, ametokea Iringa, anakaanga samaki pale karibu na soko, umri wake mdogo kuliko wangu na shikamoo ananipa vizuri tu. Siku moja mie nilikuwa na mafua, akaombwa yeye afunge. Akasema kitu kama, "Baba, Mama Elia ana presha na hana hela ya dawa, na sisi tupo, tuonyeshe cha kufanya, amina." Imeisha. Nikaangalia saa, hata dakika haijafika! Nikajua watu watashangaa, kumbe wenzangu wameinama wanafuta machozi, na kabla hatujatoka mwenyekiti kashachangisha hela ya dawa.

Kuanzia hapo ndugu zangu sikulala vizuri. Kila mwenye shida, Mama Anitha. Mtoto ana mtihani, Mama Anitha. Mtu kaachishwa kazi, anakwenda kusimama pale kwenye karai la samaki, moshi unamwingia machoni, na Mama Anitha anamwombea palepale, mwiko mkononi. Mie tena nani ananikumbuka? Nilikuwa na wivu mimi, wivu wa kweli, nikipita pale nageuzia uso upande wa pili, na samaki nikaanza kununua mbali. Nikamwambia mke wangu, "Ile siyo sala, ni mtu anaagiza soda." Mke wangu akasema, "Mbona soda inaletwa?" Siku hiyo nilisusa ugali.

Sasa tuje kwa Mzee Komba. Mzee huyu ni fundi seremala, mtu wa Songea, nusu ya vitanda vya mtaa huu ametengeneza yeye, na ana sukari ya muda mrefu. Kidonda cha mguu wa kushoto kiligoma kupona hadi madaktari wakasema Jumatatu unakatwa, chini ya goti. Akaomba jumuiya ije kwake Jumamosi jioni kabla hajakwenda kulazwa kesho yake. Alikuwa anaogopa, na hakuficha. Tulipofika tukamkuta kwenye kochi, mguu umefunikwa khanga, nikampa shikamoo, akanishika mkono akasema, "Katibu, mie nimekata mbao maisha yangu yote, lakini hili la Jumatatu linanitisha."

(Hapo ndipo mtu mwenye akili angemshika mkono akanyamaza. Mie nilikuwa nawaza ni nani atakayepewa sala.)

Tukaimba, likasomwa neno, na mwenyekiti akasema, "Mama Anitha, tuombee mzee wetu." Yule mama hata hajafungua mdomo, mie nikainuka. "Samahani mwenyekiti, jambo hili ni zito, naomba nilibebe mimi kama katibu." Mama Anitha akasema, "Sawa kabisa, Baba Glory," bila kununa, na kule kutonuna kukanichoma zaidi. Nikaona lazima leo niombe mpaka watu wasahau njia ya kwenda kwenye samaki. Na ili ipendeze, nikaongeza kitu ambacho hatufanyagi kwenye nyumba ya mgonjwa. Nikasema kwa sauti ya ibada kuu, "Tusimame wote."

Nikafumba macho.

Jamani, niliomba! Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, niliita majina ya Mungu yote ninayoyajua, nikapita kwenye uumbaji taratibu, nikaingia serikalini, nikaombea hadi mataifa ambayo kwenye ramani siwezi kuyaonyesha. Nikasikia mtu anapumua kwa nguvu karibu yangu, nikasema moyoni, inaingia. Nikasikia mama mmoja ananong'ona, "Yesu wangu, Yesu wangu," nikapandisha sauti. Nilikuwa ndiyo kwanza nipo kwa wasafiri wa majini nikasikia puuu! Kitu kizito kimeanguka, vyombo vikalia, na sauti ya mzee ikatoka, "Mungu wangu nakufa!"

Mnajua mie niliwaza nini? Nikawaza upako umeshuka. Miaka saba naomba hakuna aliyewahi hata kuyumba, leo mtu kaanguka chini, tena Mama Anitha yupo, anaona! Nikainua mikono yote miwili nikapiga kelele, "Mguse, Baba! Mwongeze! Mwongeze tena!"

Nikahisi kucha kwenye ubavu. Mke wangu. "Baba Glory, fumbua macho. Umemwangusha mgonjwa."

Nikafumbua. Kumbe niliposema tusimame wote, mzee naye alisimama. Mtu wa adabu zake, katibu kasema, basi akajishika kwenye bega la mkewe akasimama kwa mguu ule ule wa kidonda, wakati wote ule, na mkewe alikuwa anamnong'oneza akae na yeye anakataa, eti hawezi kukaa watu wanapozungumza na Mungu. Na wote walikuwa wanamwona anatetemeka, ila kwetu nani anamkatiza mtu katikati ya sala? Goti likakubali kushindwa. Ameanguka na meza, chupa ya chai imepasuka, vitumbua vimetapakaa, na ile khanga imeanza kuwa na damu.

Mama Anitha alikuwa ameshapiga magoti kwenye ile chai ya moto, amevua kitenge chake anafunga mguu. Mzee akanyanyua macho akanitazama mie, nimesimama na mikono bado iko juu. Akauliza taratibu, bila hasira hata chembe, "Katibu, kwani ulikuwa umeshafika kwangu?"

Sikuwa nimefika. Jina lake sikuwa nimelitaja hata mara moja. Nilikuwa bado niko baharini.

Hakuna aliyecheka. Mama Anitha, huku anakaza fundo, akasema, "Baba, Mzee Komba anaogopa na mguu unamuuma. Usimwache peke yake. Amina." Mzee akalia kama mtoto, na mkewe naye, na mie (niseme ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza) hata pale, mzee anatoka damu kwa sababu yangu, kuna kipande ndani yangu kilisema, ona, kashinda tena. Nilijiogopa.

Ikabidi apelekwe hospitali jioni ile ile kwa bajaji, badala ya Jumapili. Mtaa mzima ulitoka. Nasikia jirani mmoja anauliza, "Mzee kapatwa na nini?" na mtoto anamjibu, "Katibu alikuwa anaomba."

Mguu ulikatwa Jumatatu kama ilivyopangwa, daktari akasema kuanguka hakukubadilisha kitu, lakini hilo halikunipa raha. Alhamisi nikajikaza nikaenda wodini, nimebeba machungwa. Nikamwomba radhi. Akasema yameisha, tena akanionyesha nafasi kitandani, pale ambapo mguu ungekuwa, nikae. Nikakaa. Akasema, "Haya, niombee."

Nikafungua mdomo, uumbaji ukaja, nikaumeza. Nikamuuliza, "Mzee, unataka nikuombee nini?" Na nilipouliza tu nikagundua kwamba kwa miaka saba hilo swali sijawahi kumuuliza mtu yeyote.

Akafikiri. "Vidole vinaniwasha, Katibu. Vya mguu ule. Havipo, na vinawasha usiku kucha, nashindwa hata kumwambia nesi, atasema nimechanganyikiwa."

Nikamshika mkono, macho nikayaacha wazi. Nikasema, "Mungu, vidole vya Mzee Komba vinawasha na havipo. Mpe usingizi. Na mie nisamehe, nilikuwa naomba ili nionekane. Amina."

Mzee akasubiri. "Imeisha?"

"Imeisha, mzee."

"Haya, amina," akasema, akavuta shuka, na kabla sijamaliza kumenya chungwa la kwanza alikuwa anakoroma.

Basi sala ya kufunga ni ya Mama Anitha mpaka leo, nimemwachia, na wivu haujaisha wote, nisiwadanganye, kila mwenyekiti akimwita yeye mie bado nakohoa kidogo kama ninayetaka kusimama. Ila nimeapa, sitamwombea mtu tena kabla sijamuuliza anaumwa wapi.