Kila Kitu Moto

Binti yangu aliweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya pasi yangu ya mkaa akiwa ndiyo kwanza amejifunza kutembea. Nilikuwa nimeitua chini ili nigeuze shati la sare ya shule nililokuwa nanyoosha, na kugeuka huko kukatosha. Kidonda kilipona, lakini kovu likaanza kuvuta. Nesi wa hospitali aliniambia bila kuzunguka kwamba nisipomnyoosha vidole kila siku, na mtoto mwenyewe asipoutumia ule mkono, vidole vitajikunja na kubaki hivyo hadi uzeeni. Nikamjibu kwamba havitajikunja. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kuwasikia akina mama wengi wakisema hivyo.

Kumnyoosha niliweza. Nilimkalisha mapajani, nikapaka mafuta ya mgando, nikavuta kidole kimoja kimoja, yeye analia na mimi nimeuma meno. Kumfanya autumie mkono ndiko kulikonishinda. Aliufumba ngumi mchana kutwa. Alikula kwa kushoto, akaokota kwa kushoto, na ukimpa kitu upande wa kulia aliuficha mkono mgongoni. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Mwamapalala kunisaidia, alikuwa akiniona nashika kopo la mafuta anambeba mjukuu wake na kwenda kujificha naye nyuma ya nyumba.

Siku moja niliufunga ule mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga ili wa kulia upende usipende ufanye kazi. Mama mkwe aliingia akatukuta.

"Mayu," akaniambia taratibu, yaani mama kwa Kisukuma, "mtoto si ng'ombe wa kufungwa miguu akamuliwe."

Niliifungua kanga, maana alisema kweli na iliniuma. Lakini sikuacha. Kwetu walishanizoea, nikishika jambo sibanduki.

Miaka ile ndiyo ilikuwa ya ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa kuingia. Marobota ya mitumba yalifunguliwa sokoni Bariadi kila gulio, na wateja walioniletea vitambaa vya magauni niwashonee wakapotea mmoja mmoja, nikabaki na sare za shule. Niliichukia mitumba kwa moyo wangu wote. Kwa hiyo jirani yangu hapo Somanda, aliyekuwa akiiuza, aliponiletea kitabu alichokikuta katikati ya nguo za watoto, nilikipokea kwa nongwa. Kilikuwa kitabu cha picha, kurasa zake za kitambaa kinene, na kila mnyama ameshonewa kitu cha mtoto kugusa. Sungura alikuwa na manyoya, chura ana ngozi ya kuteleza, kondoo ana sufu nene iliyojikunja. Mama mkwe aliishika ile sufu akacheka hadi akakaa. Kondoo wake wote tangu azaliwe wana manyoya mafupi kama ya mbuzi. Akauliza huyu ni kondoo au ni mto wa kulalia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona kazi ya kile kitabu. Nilichukua wembe nikafumua wanyama wote, kisha nikaketi kwenye cherehani nikashona vya kwetu. Ukurasa wa kwanza niliweka pamba yenye mbegu zake ndani. Uliofuata kipande cha gunia la katani, halafu kifuko chenye punje za mtama, halafu kaki ya kaptura za shule. Mama mkwe mwenyewe, pamoja na kununa kwake, alinitafutia kipande cha ngozi ya ndama mwekundu.

Nikamfungulia mtoto. Aliinama, macho yakamng'aa, nikajua nimeshinda. Nikausogeza mkono wake wa kulia kwenye pamba. Akaurudisha haraka kifuani na kusema neno moja, "Moto." Nikafunua gunia, nalo moto. Mtama, moto. Ile ngozi ya ndama, moto.

Nilikaa nacho kitabu mapajani, nikitazama chumba changu. Mkasi tulimwambia ni moto. Sindano moto, kisu moto, kitambaa cha mteja moto, hata ndoo ya maji baridi tulimwambia ni moto ili asiichezee. Ndivyo tunavyokuza watoto, na sijaona nyumba isiyofanya hivyo. Mtoto wangu alikuwa ameshika mkasi usimuunguze, ameingiza mkono kwenye ndoo akacheka, basi alipofika kwenye pasi neno lile halikuwa na uzito wowote. Pasi ilipomuunguza, akaamua kwamba tangu mwanzo tulikuwa tunasema kweli. Kwake dunia nzima ilikuwa pasi.

Siku hiyohiyo nilipiga marufuku. Ndani ya nyumba yangu moto ni moto tu. Mkasi utaitwa mkali, sindano inachoma, ndoo si ya kuchezea. Mama mkwe neno lilimtoka kila mara, na kila mara nikamrekebisha mbele ya mtoto, jambo ambalo mkamwana halifanyi. Akaninunia. Alikula chakula changu bila kunitazama usoni, na niliogopa kwamba atafunga mzigo wake arudi Mwamapalala kunishtaki.

Kisha asubuhi moja nikiwa kwenye cherehani nilimsikia kibarazani. Alikuwa amefungua kitabu, anaweka kiganja chake kwanza juu ya kila ukurasa na kukituliza hapo. "Ngozi ya ndama," anasema, "bibi ameshika, bibi hajaungua." Mtoto aliweka ngumi yake juu ya mkono wa bibi. Nilisimamisha cherehani nisije nikawashtua.

Tangu hapo tulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Ngumi ikashuka kutoka mkono wa bibi hadi kwenye ngozi. Zikatokea ncha za vidole. Ukurasa wa ndama akaupenda mno, lakini mkono haukufunguka wote, na kovu lilikuwa bado linavuta. Mimi na kopo langu la mafuta hatukupumzika.

Jioni moja alikuwa na kitabu chake, anaukuna ule ukurasa wa ndama kwa vidole viwili. Ulikuwa wakati wa kumnyoosha. Nilimwambia, hakusikia, nikakifunga kitabu na kukiweka juu ya kabati. Aliniangalia kwa hasira ambayo naijua, maana ni yangu. Nilipomkalisha mapajani akauinua mkono wa kulia na kunizaba kofi.

Mama mkwe alisimama. Mtoto kumpiga mama yake si mchezo kwetu, hata awe mdogo namna gani, na alikuwa ameanza kumkemea.

"Mwache, mama," nikamwambia. "Hajanipiga ngumi."

Shavu lilikuwa linaniuma sana, na nilivisikia vidole vyote vitano, kila kimoja mahali pake.