Kamba Mpya ya Baba Mdogo

Buyenzi ni mtaa wa mafundi. Ukiwa na gari bovu, redio iliyonyamaza au saa iliyosimama, hutatembea mbali kabla ya kumpata mtu wa kukufungulia. Mdogo wangu alipoumia kichwa ndipo nilipogundua kwamba mafundi wa vichwa nao tunao tele, na kwamba wote wamesomea barazani.

Aliumia katika siku zile za ville morte, vijana walipokuwa wakifunga barabara kwa mawe na matairi yanayowaka, na mji mzima ukajifungia ndani. Alikuwa mtaa wa Asiatique, kwenye gereji alikofanya kazi, akaamua kurudi kwa miguu kwa sababu mama yetu alikuwa peke yake nyumbani. Jiwe lilimpata upande wa kushoto wa kichwa. Nani alilirusha na kwa nini, sikuwahi kuambiwa, na sidhani kama mrushaji mwenyewe alijua. Pengine leo ni baba wa watu, anavaa tai na kuwafundisha wanawe adabu.

Mdogo wangu alitoka hospitali na mshono mrefu kichwani, mkono wa kulia mzito, na neno moja mdomoni. Neno lenyewe lilikuwa Jumanne. Ukimuuliza kama anataka chai, Jumanne. Ukimuuliza kinachomuuma, Jumanne, na hapo hapo machozi yanamlengalenga kwa hasira, maana masikio yake yalikuwa mazima na alijisikia mwenyewe kwamba silo. Daktari alinieleza mlangoni, huku akitazama saa.

"Anaelewa yote, Madame. Ni maneno tu imepotea njia. Musimupigie kelele, mumupe wakati."

Kisha akatuambia twende, kwa sababu kitanda kilitakiwa. Nilimwomba aje siku moja awaeleze wazee wa mtaa kama alivyonieleza mimi. Akacheka kwa upole, kama watu wanaocheka wakiwa wamekwisha kuondoka. Basi kazi ya kueleza ikabaki kwangu, mimi mshona nguo, mjane, mwenye ulimi ambao Mungu hakuuumba kwa ajili ya kubembeleza.

Kilichotuharibia ni kisomo. Neno la kuomba maji alikuwa hana, lakini ukimwanzia sura yoyote aliyohifadhi utotoni aliidaka na kuifikisha mwisho, bila kukwama, kwa sauti ile ile nzuri iliyokuwa ikiwasimamisha wapita njia. Mimi nililia kwa furaha niliposikia. Majirani wakasikia pia, wakaanza kunong'ona. Wapo waliosema anatuchezea, hataki kurudi kazini. Mama wa mchumba wake alikuja kutoa pole, akanywa chai vikombe viwili, akasikiliza aya zikisomwa chumba cha pili, na hakurudi tena, wala binti yake.

Fundi mkuu wa vichwa alikuwa baba mdogo wetu, ndugu wa marehemu baba, mtu aliyesalisha Ijumaa katika msikiti wetu na kanzu yake haikuwahi kujua vumbi. Ndiye aliyemfundisha mdogo wangu kusoma, kwa fimbo. Alikuja, akaketi kwenye kiti kizuri bila kukaribishwa, akamtazama mgonjwa na kumwuliza maswali matano kwa mpigo. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Huyu aliulizwa uji, jina la baba yake, siku ya leo, amemkosea nani na kama anaota ndoto mbaya, vyote kabla hajafumbua mdomo.

"Jumanne," alijibu mdogo wangu.

"Munaona?" alisema baba mdogo. "Hii si ugonjwa ya hospitali. Iko na jini. Imeshika ulimi yake."

"Baba mudogo, ni jini gani inaacha mutu asome aya, halafu inamukataza kuomba chai?"

"Kuko majini ya Kiislamu pia. We unajua nini? We shona nguo."

Dawa yake alikuwa nayo tayari. Kulikuwa na mganga upande wa Kajaga, karibu na ziwa, ambaye watu walimsifu kwa kutoa majini. Nami nilijua alivyoyatoa. Alimfunga mgonjwa kwenye nguzo, akamfukiza mpaka akohoe damu, kisha akampiga fimbo kichwani hadi jini liage. Kichwani! Kwenye kichwa ambacho mshono wake ulikuwa bado haujakauka. Sikuhitaji kuwa daktari kujua kwamba mdogo wangu asingerudi kutoka kwenye nguzo ile.

Njia ya Kajaga ilikuwa haipitiki wakati ule, risasi zililia huko kila mara. Baba mdogo akasema tungoje ifunguke. Vita ambayo ilikuwa imetunyima kila kitu ikatupa muda, na mimi sikuishukuru, ila muda niliutumia.

Siku moja alikuja dukani kwangu mama mmoja wa mtaa wa pili, Mkristo, msalaba shingoni, mtu wa kuongea Kirundi zaidi kuliko Kiswahili. Miezi ile watu wa mitaa yetu miwili hawakuvuka barabara ovyo. Alitaka suruali ya mwanawe mkubwa, isiyo na zipu wala vifungo, yenye lastiki kiunoni. Nilimwuliza mwanawe ana umri gani, nikidhani ni mtoto. Akanitazama, akaona aseme tu.

"Ni mwanaume, dada. Walimupiga kitako ya bunduki kwa kichwa. Mukono moja haikamate tena, na kifungo inamushinda. Anafika choo amechelewa, watu wanamucheka."

Nilimshonea ile suruali, na nyingine kama hiyo nikamshonea mdogo wangu, ambaye kwa wiki nyingi nilikuwa nikimfunga vifungo huku yeye akitazama ukutani kwa aibu. Alipoivaa mwenyewe kwa mkono mmoja alinishika bega akatikisa kichwa, akasema Jumanne mara nyingi sana. Sijawahi kushukuriwa vile na mteja yeyote.

Suruali za lastiki zikatangaa. Akaja mke wa muuza samaki, ambaye mumewe aliangukiwa na boriti bomu lilipolipuka sokoni. Mumewe alikuwa akila, anasahau kwamba amekula, anamshtaki mkewe kwa majirani kuwa anamnyima, na majirani, watu wema wasiowahi kumletea hata kitunguu, walikuwa wakimsadiki. Tukawa tunakutana watatu Alhamisi alasiri uani kwangu, na wagonjwa wetu. Tulibadilishana zamu za kukaa nao ili mmoja aende sokoni. Tulifundishana: zima redio kwanza, simama mbele yake, uliza jambo moja, kisha funga mdomo wako ungoje. Hilo la mwisho tulijaribu kulifundisha mlango kwa mlango mtaani, tukashindwa. Watu wa Buyenzi watakupa chumvi, watakupa moto, watakuzikia maiti wako, lakini kufunga mdomo na kungoja ni sadaka iliyowazidi uwezo.

Tukasikia kwamba kule Kigobe kuna chama cha walemavu wa vita, na kwamba kinatuma watu wake mitaani kuzungumza na wazee kwa niaba ya wagonjwa. Hicho ndicho nilichokitaka: mtu mwenye tai aje amwambie baba mdogo kwamba hili ni jeraha. Baba mdogo nilimwomba atusindikize. Akasema njia ya Kigobe ina hatari, basi tukaenda wenyewe na wagonjwa wetu.

Mwenyekiti wa chama alitupokea katika chumba chenye picha ukutani, watu wenye magongo wakitabasamu karibu na wageni. Alikuwa na harufu ya sabuni nzuri. Alimzunguka mdogo wangu mara moja, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mukono anayo?"

"Anayo, ila nzito."

"Anatembea. Anaona. Sasa kilema iko wapi, Madame?"

"Ndani ya kichwa."

"Ilikuwa risasi? Grenade?"

"Jiwe."

"Jiwe," alirudia, akamtazama katibu wake, na wote wawili wakasikitika kwa sababu ya jiwe. Kisha akapata wazo, na uso wake ukang'aa. Wageni kutoka Ulaya wangekuja karibuni. Kama tungewafunga wagonjwa wetu bandeji vichwani, nyeupe, kubwa, na tuwaketishe mbele, basi angeweza kutufikiria. "Muzungu lazima aone kitu," alitueleza, kwa subira ya mwalimu.

Mama wa msalaba, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno baya, alimjibu kwa Kirundi neno fupi ambalo sitaliandika hapa. Tukatoka. Mpaka leo nikiona mtu anapiga picha ya kilema namtazama mpiga picha, si kilema.

Muda si mrefu njia ya Kajaga ikafunguka. Hatari haikuwa imekwisha, magari yalipita kwa kubahatisha tu, lakini baba mdogo aliyeogopa Kigobe hakuiogopa Kajaga hata kidogo. Kwani si yeye aliyekuwa anafungwa. Alhamisi alipita kwangu kunitaarifu. Mgonjwa aoge, avae kanzu, asali Ijumaa na wenzake, na baada ya sala kuna pikapu. Alikuwa amebeba kamba ya katani, mpya kabisa, ingali na harufu ya duka, akaiweka magotini kwa heshima kama zawadi ya harusi. Mdogo wangu alikuwa ameketi pale pale. Aliitazama kamba, akanitazama mimi.

Nilitaka kumficha, lakini kwa nani? Mji mzima ulikuwa na vizuizi, na mtu asiyeweza kutaja jina lake mbele ya askari ni marehemu. Basi wenzangu wawili wakaja Ijumaa, na adhana ilipokwisha, mdogo wangu akiwa ameingia kusali, tukapanda nyuma ya pikapu iliyoegeshwa ubavuni mwa msikiti, tukaketi. Tulikubaliana kwamba wakitaka kumpeleka watatupeleka sote, na huyo mganga tutaonana naye. Mke wa muuza samaki alikuja na jungu lake la mihogo na kisu cha kuimenyea. Kamba ilikuwa pale sakafuni. Mama wa msalaba akaikalia.

Dirisha la msikiti lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu. Tulimsikia baba mdogo akihutubia juu ya huruma, hotuba ndefu, kisha wakasimama kusali. Katika rakaa ya kwanza alianza sura ambayo huisoma Ijumaa zote, akaenda vizuri kwa sauti ya kujipenda, kisha akakwama. Akarudi aya ya nyuma, akaja mbio, akakwama pale pale. Akarudi tena. Kwa desturi yetu imamu akikwama, aliye nyuma anayejua humsomea aya iliyompotea, naye huipokea na kuendelea. Safu nzima ya wazee ilikuwa nyuma yake, wenye ndevu na vyeo. Hakuna aliyethubutu, au hakuna aliyejua.

Ndipo nikasikia sauti ya mdogo wangu kutoka safu ya mwisho. Hakuisoma sura yote kama alivyokuwa akifanya nyumbani, mtu akimwanzia. Alisoma aya moja, ile iliyokosekana, akanyamaza na kungoja. Baba mdogo naye akaipokea, maana angefanya nini? Nililia ndani ya pikapu ya watu. Jini gani hilo linalosikiliza, linajua kilichopotea, linakitoa kwa kipimo na kumngojea mwenzake? Huyo alikuwa mdogo wangu, mzima, yuko ndani akisikia kila neno tulilosema mbele yake.

Walipotoka, watu walikuwa wakitazamana. Dereva wa pikapu, aliyekuwa amesali safu moja na mdogo wangu, alikuja na funguo mkononi, akatukuta sisi na mihogo yetu. Baba mdogo akafika nyuma yake. Nilidhani ataona haya.

"Munaona hiyo jini imesoma namna gani?" alisema. "Hii ni ya hatari zaidi. Twende."

Nimekutana na wajinga wengi maishani, wengine nimewashonea suti, lakini ujinga wa mtu aliyesoma na kushiba ni mwingine, hauna pa kuingilia. Nilifungua mdomo. Dereva akanitangulia.

"Mi siendi, Shehe," alisema kwa adabu, akizitazama funguo zake. "Huyu amekukosoa mu sala, na we umemukubali. Kama ni jini, sala yetu ya leo tumesali nyuma ya nani?"

Watu waliokuwa karibu walisogea wasikie jibu. Baba mdogo alirekebisha kofia ambayo haikuwa imekaa vibaya, akaenda zake upande wa kivulini.

Mdogo wangu alikuja mpaka kwenye pikapu kwa mwendo wake wa polepole. Alimgusa mama wa msalaba, naye akainuka. Akaiokota kamba kwa mkono wa kushoto, akaitia kwapani, akatangulia njia ya nyumbani, na sisi watatu nyuma na jungu.

Ile kamba ni madhubuti, sitakataa. Aliifunga mwenyewe uani, mkono mmoja na meno, kutoka kwenye nguzo ya jiko hadi ukutani, akikataa kabisa kusaidiwa. Ndiyo ninayoanikia nguo mpaka leo, na Alhamisi hujaa suruali za lastiki. Baba mdogo akija kumwona mama hana njia nyingine ya kufikia mlango. Huvua kofia, huinama, na kupita chini yake.